Utabiri wa Kariakoo Kabla ya Kipenga

Kariakoo, Dar es Salaam
Septemba 2025

Shemeji,

Ule ujumbe wako wa mwezi Machi, wenye orodha ya timu 30 za besiboli na nafasi ambayo kila moja itashika mwishoni mwa msimu, niliusoma wote, ingawa nusu yake ilinipita pembeni. Nimeelewa kwamba huko Houston mtu hawezi kuingia kazini asubuhi bila kuwa na la kusema kuhusu Astros, na kwamba timu zikiwa bado zinajinoa huko Florida na Arizona kila mmoja keshatoa karatasi yake ya ubashiri. Ukaniuliza: na kwetu je, nani anabashiri, na anabashiri vipi?

Kwa upande wa Tanga jibu ni fupi. Sisi wa Coastal Union tunabashiri kama tutabaki Ligi Kuu au hatubaki, kisha tunaenda kula. Lakini nilikuwa na safari ya kufuata vitambaa Kariakoo, nikaona bora nikuulizie huko huko, maana timu zenyewe mbili, Simba na Yanga, makao yao makuu yako humu humu, na ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake huhitaji hata bajaji.

Nimefika wakati mzuri kwa swali lako. Msimu umechelewa mwaka huu kwa sababu ya CHAN tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Simba Day, ambayo tangu mwaka 2009 imezoeleka Agosti, imesogea hadi tarehe 10 Septemba, na mgeni ni Gor Mahia wa Kenya. Yanga nao kilele cha Wiki ya Mwananchi ni tarehe 12, wanacheza na Bandari ya Mombasa. Halafu tarehe 16 wanakutana wenyewe kwa wenyewe kwenye Ngao ya Jamii. Kwa hiyo mji wote uko katika kile kipindi kitamu ambacho hakuna aliyefungwa hata goli moja na kila mtu ni bingwa.

Basi la Tanga limenishusha Mbezi, nikaunga hadi kwenye mwendokasi. Mbele yangu alisimama kijana mwenye jezi ya Yanga imeandikwa Aziz Ki mgongoni. Aziz Ki mwenyewe yuko Wydad Casablanca tangu Mei. Tulipovuka bonde la Jangwani, tukafika Fire na kukata kuingia Mtaa wa Msimbazi, yule kijana akageuza uso upande wa pili mpaka jengo la Simba lilipopita. Hakusema neno. Nikajua nimefika.

Kariakoo ni ile ile, ila imezidi kwenda juu. Soko kuu lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile lenye paa la miavuli ya zege, liliungua Julai 2021, nalo limekarabatiwa na kujengewa jengo jingine jipya ubavuni. Maghorofa yamemeza zile nyumba za Waswahili zenye vibaraza ambamo hizi timu zilizaliwa: Yanga mwaka 1935, na wenzao mwaka 1936, walioanza kwa jina la Queens, baadaye Sunderland, mpaka 1971 walipojiita Simba. Vibaraza vimekwisha lakini watu wa vibarazani hawajaisha. Wamehamia chini ya maghorofa, kwenye meza za magazeti na mabirika ya kahawa.

Kijiwe nilichokaa kiko jirani na meza moja ya magazeti, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru. Utaratibu wake ndio huu: asubuhi watu wanasoma vichwa vya habari vilivyoning'inizwa, hakuna anayenunua, halafu wanakaa na vikombe vyao vya kahawa kuchambua kile ambacho hawajakisoma. Nilipouliza nani atachukua ubingwa, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua aliniuliza kwanza mimi ni wa wapi. Hapa utabiri haupokelewi kabla ya kutaja upande wako, kama vile mahakamani shahidi anavyoapishwa kwanza. Nikasema Coastal Union. Wakacheka wote, wekundu na wa kijani, kwa sauti moja. "Pole, mgosi," akasema mzee, akanisogezea kashata. Tangu hapo nikawa ndiye mtu pekee anayeaminika kijiweni, kwa kuwa sina ninachogombea.

Sasa sikiliza walivyonipigia hesabu, maana ni hesabu kweli, si ushabiki mtupu. Msimu uliopita Yanga wamemaliza na pointi 82, Simba 78. Yanga wamefungwa mechi mbili katika 30, na Azam na Tabora United. Simba nao wamefungwa mbili, na zote mbili wamefungwa na Yanga. Umeona hapo? Bondia mmoja mjini ndiye pekee aliyeweza kumwangusha. Mechi ya mwisho wameingia Yanga wakiwa na 79 na Simba 78, na Simba wangeshinda siku ile kikombe kingevuka barabara. Wakafungwa 2-0, Juni 25.

Na hiyo mechi yenyewe ilikuwa ichezwe Machi 8! Usiku uliotangulia Simba wakazuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakatangaza hawachezi, mechi ikaahirishwa, na nchi ikabishana miezi mitatu na nusu. Nani kati ya wabashiri wako wa Machi angeandika kwamba mchezo utakaoamua bingwa hautachezwa siku yake?

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na besiboli yako. Mnacheza michezo 162. Mwaka 2022 Astros wenu walipoteza 56 katika msimu wa kawaida na bado wakatwaa taji. Kwa michezo mingi hivyo bahati mbaya ya leo inafidiwa na bahati njema ya wiki ijayo, mtu mwenye takwimu zake anaweza kukaa na kikokotoo akakwambia timu fulani itashinda michezo tisini na akakosea kidogo tu. Huku Yanga walipoteza michezo miwili mfululizo Novemba mwaka jana, na kabla mwezi haujaisha kocha Miguel Gamondi alikuwa ameshafungashiwa virago. Miwili, shemeji. Katika ligi ambayo vigogo wawili wanashinda karibu kila mechi, mechi 28 ni za kutimiza ratiba na mbili ndizo msimu. Kwa hiyo anayebashiri Kariakoo habashiri ligi. Anabashiri jioni mbili za dabi, na jioni mbili hazina wastani.

Wale wachambuzi wa redioni wanajitahidi. Wanataja mifumo, wanataja kiungo mkabaji na mabeki wanaopanda. Lakini hata wao, ukiwasikiliza vizuri, baada ya robo saa wanarudi kwenye usajili: nani katambulishwa, nani kapewa "Thank You". Na mwaka huu usajili umewavuruga watu. Mohamed Hussein, Tshabalala, nahodha wa Simba aliyecheza huko miaka na miaka, ametua Jangwani kwa Yanga. Mwaka jana ilikuwa Chama, kutoka Msimbazi kwenda Yanga, na sasa ametua Singida Black Stars. Mzee wa kofia alisema alilia kwa Chama, akaapa hatalia tena kwa mchezaji, na kwa Tshabalala hakulia. Alizima tu simu siku nzima.

Zamani mambo haya yalikuwa na wenyewe. Wakati wa uhai wa Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Magomeni aliyefariki mwaka 2011, watu walisubiri nyota zimesema nini juu ya siasa na mambo mengine ya nchi. Siku hizi mnajimu ni programu ya simu. Vijana wa kubeba mizigo hapa wanaandaa mikeka asubuhi kabla ya chai: Arsenal ashinde, Bayern wafunge zaidi ya magoli mawili, timu fulani ya Uturuki wasiyoweza hata kuitamka itoke sare. Nilimuuliza mmoja mbona Yanga yake haimo kwenye mkeka. Akaniangalia kama nimetukana. Timu ya moyoni haiwekwi kwenye mkeka, akasema, ikichana mkeka utaichukia. Na kuhusu kile kinachoitwa kwa heshima zote "kamati ya ufundi", hao wanaotembea na mayai na vitambaa kabla ya dabi, kila upande unasema wapo upande wa pili. Nayapita hayo.

Nije kwa mtu niliyetaka hasa kukusimulia.

Huyu ndiye ninayechukua vitambaa kwake, karibu na Mtaa wa Kongo. Mbali na vitambaa anauza jezi na fulana za mashabiki, skafu, bendera, na vile vibendera vya kuning'iniza kwenye kioo cha gari. Ni mtu wa Simba wa kuzaliwa. Baba yake alikuwa Taifa siku ile ya Julai 1977 Yanga walipopigwa sita bila, na hadithi hiyo kwake ni urithi kama shamba. Lakini ukifika kwenye mzigo, ukabila wote wa timu anauvua mlangoni. Yeye anabashiri kwa mtaji wake, na lazima abashiri Juni au Julai, wakati hakuna mpira, maana mzigo unaagizwa mapema. Akikosea hapati kicheko cha kijiweni. Anapata marobota yaliyolala.

Nikamuuliza bingwa nani. Akasema swali hilo halina faida kwake. Yeye anajiuliza nani atakuwa na matumaini mwezi wa nane na nani atakuwa na furaha mwezi wa tano, kwa sababu hao ni wanunuzi wawili tofauti. Yanga wamechukua ubingwa misimu minne mfululizo, tangu ule wa 2021/22 waliomaliza bila kufungwa. Mtu aliyeshiba hakimbilii chakula: mshabiki wa Yanga ana jezi nne nyumbani, atanunua ya tano akipenda. Simba wana njaa ya miaka minne, na Mei wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho wakakwama kwa RS Berkane, wametoka 1-1 Zanzibar wakiwa nyuma mabao mawili ya Morocco. Watu wa namna hiyo, akasema, wanataka sababu ya kuamini, na jezi mpya ni sababu. Kwa hiyo kabla ya Simba Day kajaza nyekundu. Baada ya Ngao ya Jamii ataangalia ubao wa magoli, ndipo ataagiza tena.

"Na ukikosea?"

Akanionyesha stoo. Novemba 5, 2023 alikuwa na shehena nyekundu imeingia wiki ile ile. Yanga wakashinda 5-1. Wiki mbili nzima, anasema, hakuna mtu aliyegusa rangi nyekundu dukani, hata mwanamke aliyetaka kanga tu alichagua ya bluu. Mzigo ule aliutoa kwa bei ya kutupa kwa wachuuzi wa mikoani. Na jezi za Chama nyekundu alizokuwa ameshachapa jina Juni 2024? Akacheka. Zipo bado. Kampa fundi azikate zitengeneze kaptura za watoto.

Mimi nimesikiliza watabiri wengi wa mpira, shemeji, na sijawahi kukutana na anayetabiri kwa adabu kuliko huyu. Mchambuzi akisema Simba bingwa na ikawa Yanga, kesho yake yuko hewani anaeleza kwa nini. Huyu anakaa na kosa lake stoo, analikanyaga kila akifuata kitambaa. Nadhani ndiyo sababu haongei sana.

Mchana nikala kwa mama lishe mmoja upande wa Mtaa wa Sikukuu, wali maharage na kipande cha changu. Yeye hataki kabisa mambo ya bingwa. Anabashiri makocha. Hesabu yake ni hii: Novemba 2023, baada ya zile tano, Simba walimtimua Robertinho. Novemba 2024 Yanga wakamtimua Gamondi. Akaja Ramovic, mwezi wa pili akaondoka mwenyewe kwenda Algeria, akaja Hamdi akamalizia na kombe. Timu imekuwa na makocha watatu katika msimu mmoja na imechukua ubingwa, hebu niwekee hilo kwenye karatasi za Houston. Sasa Yanga wana Romain Folz, Simba wanaendelea na Fadlu Davids. "Sitaki kumtabiria mtu mabaya," akasema huku akinipakulia mchuzi, "lakini mmoja wao Krismasi haimkuti hapa." Meza nzima ikakubali, na ile ndiyo mara pekee nilipoona Simba na Yanga wakikubaliana jambo siku hiyo, ukiacha kunicheka mimi.

Nikatembea mpaka Jangwani kuliangalia jengo la Yanga, kona ya Twiga. Nje wamekaa wazee wa klabu kwenye viti vya plastiki. Hawabashiri. Wanataja tarehe. Ukisema "mwaka huu", wao wanakujibu na Juni 1968, tano bila. Nilipowatajia kwamba Mei 2012 Simba nao waliwapiga tano bila, mmoja akasema siku ile hakuwepo, alikuwa msibani. Sikumuuliza msiba wa nani.

Ulipenda nikuulizie kama besiboli ipo huku. Ipo! Upanga, Sekondari ya Azania, kuna uwanja wa besiboli kabisa uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na mashindano ya wanafunzi yanaitwa Koshien kama yale ya kwao Japani. Nilipomwambia yule mfanyabiashara, akauliza jezi zake rangi gani na wanaenda wangapi uwanjani. Nikasema wachache. Akarudi kwenye daftari lake.

Sasa utabiri wangu, ili usiseme nimekwepa. Bingwa atakuwa yule atakayepata pointi nyingi kwenye dabi mbili, na hapo naegemea Yanga, kwa shingo upande, kwa kuwa timu iliyoshinda ligi ikiwa na makocha watatu haiangushwi na kuondoka kwa Aziz Ki peke yake, hasa Pacome akiwepo. Simba watafunga magoli mengi wakiwa na huyu Jonathan Sowah waliyemtoa Singida, aliyeingia katikati ya msimu na bado akafunga 13. Azam wamemleta Florent Ibenge, kocha mkubwa, nao watakuwa wa tatu kama kawaida ya Azam. Singida Black Stars ndio wa kuangaliwa: wana Gamondi yule yule aliyefukuzwa na Yanga, wana Chama, na ndio hao hao waliokuwa wakiitwa Ihefu, walioisimamisha Yanga Novemba 2022 baada ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Sijui mtu mmoja kijiweni aliyekuwa ameliandika lile. Mtibwa Sugar na Mbeya City wamerudi Ligi Kuu, nafurahi kwa ajili ya Mtibwa, mabingwa wa 1999 na 2000, waliotufundisha kwamba kombe linaweza kukaa shambani kwenye miwa.

Na Coastal? Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa nne tukaenda kucheza Afrika, jambo ambalo mimi mwenyewe, mgosi wa damu, sikulitabiri. Kwa hiyo safari hii nafunga mdomo.

Jezi yako ya Simba nimeichukua, saizi kubwa kama ulivyosema. Nilitaka wakuchapie jina la Camara au la Ahoua, maana huyo Ahoua ndiye mfungaji bora wa msimu uliopita kwa magoli 16, lakini yule mfanyabiashara akanishika mkono. Akasema mtu wa Marekani anayekaa na jezi miaka mitano usimchapie jina la mtu, mchapie lake. Basi mgongoni umeandikwa SHEMEJI, namba nimeiacha wazi. Kuna dada wa Magomeni anasafiri kuja Dallas mwisho wa mwezi, atakuletea. Mpigie mwenyewe mpange mtakutana wapi. Na hela ya jezi unitumie kabla ya tarehe 16, maana baada ya hapo sitaki kusikia kwamba huitaki tena.

Wasalimie wote,
Shemeji yako wa Tanga